München: Mji Unaofunga Maduka Saa Mbili za Usiku

Mtu akifunga safari ya kwenda Ulaya, jamaa humpa mashauri mengi: chukua sweta, ficha pasipoti, usizungumze na mtu usiyemjua. Hakuna aliyenishauri niulize maduka yanafungwa saa ngapi. Basi nilifika München, mji mkuu wa Bavaria kusini mwa Ujerumani, jioni ya Jumamosi, nina njaa ya safari, na niliposimama mbele ya duka la vyakula karibu na nyumba ya mdogo wangu ilikuwa saa mbili na dakika nne za usiku. Taa zilikuwa zinawaka. Ndani kijana mmoja alikuwa akipiga deki. Nikangoja mlango wa kioo ufunguke wenyewe, kama nilivyoona kwenye uwanja wa ndege, haukufunguka. Yule kijana akaniona, akainua kidole kunionyesha karatasi iliyobandikwa kiooni, kisha akarudi kwenye deki yake. Hakuwa na hasira wala dharau. Alikuwa kama mtu anayekuonyesha kwamba nje kunanyesha mvua.

Sisi tumezoea kumgongea mwenye duka dirisha lake saa nne za usiku, naye akatupa kibiriti na robo ya sukari huku akipiga miayo. Nikadhani nami nikigonga nitahurumiwa. Nikagonga. Kijana hakuinua hata kichwa.

Mdogo wangu ni muuguzi katika hospitali moja ya mji ule, na usiku ule alikuwa zamu. Alikuwa ameniachia ufunguo kwa bibi jirani, pamoja na mtoto wake wa miaka minne, mpwa wangu, ambaye nilikuwa nimemwona katika picha tu. Katika jokofu tukakuta mayai mawili, siagi na nusu ya mkate mweusi. Mama yake alitumaini kwamba mimi nitapitia dukani. Mimi nilitumaini kwamba yeye amekwisha nunua. Tukala mayai. Bibi jirani aliposikia habari zetu akacheka, akasema neno ambalo sikulielewa uzito wake mpaka asubuhi: “Na kesho ni Dominika.”

Maana yake ni hii. Katika Bavaria duka la kawaida laruhusiwa kufunguliwa tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumatatu hata Jumamosi. Siku ya Dominika na sikukuu halifunguliwi kabisa, isipokuwa kwa mambo machache nitakayoyataja. Hilo halitegemei mapenzi ya mwenye duka. Ni sheria, na avunjaye hutozwa faini.

Sheria yenyewe ina historia, na wakazi wa München wana fungu lao ndani yake. Mwaka 1953 wafanyakazi wa maduka waliandamana katika mitaa ya mji huu kupinga maduka makubwa yaliyotaka kuuza Jumamosi alasiri, hata polisi wakaingia kati na pakawa na vurugu. Miaka mitatu baadaye, yaani 1956, vyama vya wafanyakazi vilisambaza nchi nzima bango la mtoto anayedai kwamba siku ya Jumamosi baba ni wake. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kufunga maduka: siku za kazi mwisho saa kumi na mbili u nusu jioni, na Jumamosi mwisho saa nane mchana. Hebu fikiri, mama anayefanya kazi kiwandani anatoka saa kumi na moja, naye ana saa moja u nusu tu ya kununua chakula cha watoto. Ndiyo maana watu walinung'unika, na sheria ikalegezwa kidogo kidogo. Mwaka 1996 saa ya kufunga siku za kazi ikasogezwa hadi saa mbili usiku. Mwaka 2003 Jumamosi nayo ikapata saa hiyohiyo. Mwaka 2006 serikali kuu ikayaachia majimbo yajiamulie. Majimbo mengi yakafungua mlango zaidi. Bavaria haikufanya hivyo. Hata ilipojitungia sheria yake yenyewe mwaka 2025, saa mbili usiku ilibaki palepale.

Lakini hayo yote niliyajua baadaye. Usiku ule nilikuwa na shida nyingine.

Yapata saa tano mtoto aliamka akilia. Nikamgusa paji la uso. Alikuwa moto kama jiko. Nikafungua kabati, nikafungua mfuko wangu, hapana dawa ya mtoto. Nikampigia mama yake, naye kwa bahati alikuwa katika mapumziko yake mafupi. Aliniuliza maswali matatu au manne kwa sauti ya kazi, ile wanayotumia wauguzi hata kwa ndugu zao, kisha akasema: “Kaka, mwache kwa bibi. Wewe nenda duka la dawa lililo pale pembeni.” Nikamwambia, mama wee, saa hizi limefungwa, hapa hata mkate haununuliki. Akasema: “Limefungwa, ndiyo. Nenda ukasome mlangoni.”

Nikaenda. Juu ya mlango paliwaka ile alama ya maduka ya dawa ya Ujerumani, herufi A nyekundu yenye kikombe na nyoka. Ndani palikuwa giza. Lakini mlangoni kulikuwa na karatasi yenye majina na anwani za maduka ya dawa yaliyo zamu usiku ule. Maduka ya dawa hushika zamu kwa kupokezana, mchana na usiku, Dominika na sikukuu, na kila duka lililofungwa sharti limwonyeshe mgonjwa pa kwenda. La karibu lilikuwa vituo viwili vya tramu kutoka pale. Nilipolifikia nikakuta dirisha dogo mlangoni na kitufe cha kengele. Nikabonyeza. Baada ya kitambo taa ikawashwa, akatokea mama mmoja wa makamo, nywele zimelala upande mmoja, koti jeupe juu ya sweta. Alikuwa amelala chumba cha nyuma.

Kijerumani changu ni cha kuunga, lakini homa ina lugha yake. Aliuliza umri wa mtoto, akauliza uzito, akauliza kama anakunywa maji na kama shingo inakunjika. Hakunipa dawa mpaka nilipompigia simu bibi jirani na kuhakikisha hilo la shingo. Kisha akapitisha kichupa dirishani, akaandika juu ya kisanduku kipimo cha mililita na saa za kumpa, akaongeza juu ya bei yuro 2 na senti 50, ambayo ni ada ya kuamshwa. Nilimlipa kwa moyo mweupe. Alipokuwa akifunga dirisha alinitajia namba ya simu ya madaktari wa zamu, 116117, nipige kama homa haishuki. Ilishuka. Kabla ya mapambazuko mtoto alitokwa na jasho, akaomba maji, akaniuliza mimi ni nani hasa.

Tangu usiku ule nimeuona mji ule kwa jicho jingine. Mkate waweza kungoja mpaka Jumatatu, na wenyewe wameukubali huo mngojo. Dawa ya mtoto haiwezi kungoja, basi yupo mtu anayelala na nguo zake.

Asubuhi niliamshwa na kengele za makanisa, si moja wala mbili. Nilipotoka nje nilidhani pametokea jambo. Barabara ambayo jana ilijaa watu na mifuko ilikuwa tupu, maduka yana bidhaa madirishani na taa zimewaka, lakini milango imefungwa yote. Watu walikuwa wakitembea polepole wakitazama viatu na saa nyuma ya vioo bila uwezo wa kununua. Wana neno lao maalumu la matembezi hayo. Mimi naona ni njia ya salama ya kupenda viatu.

Basi, yale machache yanayoruhusiwa. Waoka mikate hufungua kwa saa chache asubuhi, na foleni yao hufika barabarani. Wauza maua nao hupewa saa chache, kwa sababu watu huenda makaburini na kutembelea wakwe. Vituo vya petroli huuza vitu vya wasafiri. Maduka yaliyo ndani ya kituo kikuu cha treni na uwanja wa ndege hufunguliwa, na hapo ndipo wanapokimbilia wageni na wasahaulifu. Nilikwenda kituoni kununua mchele na maziwa. Msongamano wake ulikuwa kama wa soko la sikukuu, kila mtu ana uso wa kuonea haya, kama wanafunzi waliochelewa.

Sababu ya ukimya huo imeandikwa mahali pa juu kuliko sheria ya maduka. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 iliichukua ibara kutoka katiba ya mwaka 1919, nayo yasema kwamba Dominika na sikukuu zitalindwa kwa sheria kuwa siku za kupumzika kazi na za kuinua roho. Mji wa Berlin ulipotaka kuruhusu maduka kufunguliwa Dominika zote nne za Majilio, Kanisa Katoliki na Kanisa la Kiinjili yalikwenda mahakamani pamoja. Tarehe 1 Desemba 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kufungua Dominika nne mfululizo hakupatani na katiba. Faida ya mfanyabiashara tu, au hamu ya mnunuzi tu, si sababu ya kutosha. Katika makesha ya Noeli yenyewe, tarehe 24 Desemba, maduka hufungwa saa nane mchana. Wauzaji wa vitu vya kuchezea, nasikia, huona vitimbi vingi ifikapo saa nane kasorobo.

Nami nilivunja desturi siku ileile ya kwanza. Nilikusanya chupa na mitungi mitupu ya mdogo wangu, nikaipeleka kwenye yale mapipa makubwa ya vioo barabarani, kengele za Misa bado zinalia. Nilitupa chupa moja tu. Ilivunjika kwa kishindo, na madirisha matatu yakafunguka. Bibi jirani akashuka na viatu vya ndani, akanionyesha maandishi ubavuni mwa pipa: siku za kazi tu, mchana, kamwe si usiku wala Dominika. Hata kutoboa ukuta au kukata majani kwa mashine siku hiyo haifai. Nikarudi na mzigo wangu kama mwizi.

Chupa nyingine, lakini, hazitupwi. Mnunuzi huweka amana: senti 8 kwa chupa ya kawaida ya bia, senti 15 kwa chupa nyingi nyingine zinazojazwa tena, senti 25 kwa kopo au chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja. Ukizirudisha dukani mashine huzimeza na kukupa karatasi, na karatasi hiyo unampa keshia. Nimeona wazee maskini wakichungulia mapipa ya bustanini kuzitafuta, na vijana wenye adabu huziacha zimesimama kando ya pipa ili mzee asiingize mkono ndani.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu alirudi kutoka zamu ya pili akalala. Nilitaka daktari amtazame mtoto hata hivyo, nikapiga simu saa mbili kamili. Karani akaniambia nije “halb neun”. Neno la kwanza ni nusu, la pili ni tisa. Nikafikiri: ni tisa u nusu kwa saa yao ya Kizungu, maana yake saa tatu u nusu kwetu. Nikapika uji, nikamwogesha mtoto, tukaenda taratibu tukihesabu tramu. Kumbe Mjerumani akisema nusu tisa haongezi nusu juu ya tisa, bali yuko nusu ya njia kuelekea tisa! Ni saa mbili u nusu. Tulifika tumechelewa saa nzima. Karani alinitazama, akatazama saa, akasema nafasi imekwisha. Sikuwa na la kujibu. Nikaketi na mtoto mapajani katika chumba cha kungojea, kila mgeni aingiaye akiwasalimu wote waliomo, mpaka saa sita kasorobo, daktari alipotupokea kabla ya kufunga kwa mchana. Masikio ya mtoto yalikuwa mekundu kidogo, basi. Msomaji mwenye mtoto kule, mwambie habari ya nusu hiyo kabla hajapoteza kazi.

Na saa za matabibu zataka kusomwa vizuri. Wengi hawafanyi kazi Jumatano alasiri wala Ijumaa alasiri. Ofisi za serikali hupokea watu zaidi asubuhi. Vinyozi wengi hufunga Jumatatu. Hoteli za chakula nyingi zina siku yao moja ya kupumzika katika juma, imeandikwa mlangoni, na kila moja ina yake. Ijumaa baada ya saa nane mchana usimtafute karani. Ameanza kile wanachokiita mwisho wa kazi, nao wanakiheshimu kama sisi tunavyoheshimu mlo.

Lililonipendeza kupita yote ni Viktualienmarkt, soko la vyakula katikati ya mji. Liko mahali pale tangu mwaka 1807, uwanja mkuu wa Marienplatz ulipokuwa mdogo mno kwa wauzaji. Wauzaji wake wana vibanda vya kudumu: jibini, samaki, mboga, asali, maua, na katikati bustani ya bia chini ya miti. Siku yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye pichi, nikainua moja nikaibonyeza kama ninavyobonyeza embe. Mama muuzaji alinikemea mbele ya watu. Pale mnunuzi hagusi. Husema anataka kula leo au kesho, naye muuzaji humchagulia. Siku ya pili nilianza kwa salamu, “Grüß Gott”, ndiyo salamu ya Bavaria, maana yake Mungu akusalimu. Mama yuleyule alinipa pichi nne, akasema mbili ni za leo na mbili za Alhamisi. Alisema kweli kwa siku. Katika duka dogo lolote, hata la viatu, usipotoa salamu ukiingia na kuaga ukitoka, umejitangaza kuwa mtu asiyefunzwa. Na chukua fedha taslimu mkononi. Vibanda vingine havitaki kadi.

Katika duka kubwa la kujihudumia mambo ni mengine. Unatia sarafu katika kigari ili kifunguke mnyororo, na kwenye malipo keshia hupitisha vitu kwa kasi ya ajabu, wala hapana mtu wa kukupakilia. Nilipakia kwa mikono miwili, huku bwana wa nyuma yangu akivuta pumzi. Njoo na kikapu chako.

Saa tano na saa sita mchana, na kuanzia Machi mpaka Oktoba saa kumi na moja jioni pia, wageni husimama Marienplatz wakiinua shingo. Katika mnara wa jumba la manispaa kuna kengele 43 na sanamu 32 zinazocheza arusi ya mtawala Wilhelm ya mwaka 1568, na chini yake ngoma ya mafundi wa mapipa. Wenyeji hupita bila kutazama. Wao wanafikiria kengele ya saa sita kwa sababu nyingine: soseji yao nyeupe, iliwayo kwa haradali tamu, kwa desturi haipasi kuisikia. Zamani, kabla ya majokofu, ilitengenezwa alfajiri bila kukaushwa kwa moshi, na kufikia alasiri ilikuwa imeharibika. Sasa majokofu yako kila bucha, na bado ukiagiza saa nane mhudumu atakutazama.

Nilimwuliza mdogo wangu jikoni kama yeye, muuguzi afanyaye kazi Dominika nyingi, haoni uchungu kwamba muuza viatu amelindwa na katiba naye hapana. Alicheka kidogo. Akanionyesha kalenda ukutani. Sheria ya saa za kazi ya mwaka 1994 yasema mfanyakazi apate walau Dominika 15 huru kwa mwaka. Katika hospitali mapatano yaweza kuzipunguza hata 10, lakini kwake hufuata 15, na kwa kila Dominika aliyofanya kazi hupewa siku nyingine ya mapumziko. “Siku nyingine naipata,” alisema, “lakini Jumanne mtoto yuko shule ya watoto, rafiki zangu wako kazini, na kanisa limefungwa. Napumzika na nani?” Kisha akasema kwamba kama maduka nayo yangefunguliwa, zile 15 zenyewe zingekuwa kama Jumanne. Sikupata jibu. Nilifikiri dada zetu wanaouza sokoni kutoka mapambazuko siku saba, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabia hata moja.

Dominika yangu ya mwisho kule ilikuwa mojawapo ya zile 15. Jumamosi tulikwenda dukani saa tisa, mapema kabisa, kengele za kuikaribisha Dominika zinalia, nikanunua mchele, kuku, vitunguu na mikate miwili, mimi mwenyewe nikipakia upesi hata keshia akatabasamu. Siku ya pili baada ya Misa tukatembea sisi watatu kando ya mto Isar mpaka jua likaelekea kuchwa. Tuliporudi, mtoto alipanda juu ya kiti, akaizungushia tarehe ile duara kwa penseli nyekundu, akaanza kuhesabu zilizobaki. Alipofika sita alichanganyikiwa, na mama yake akammalizia.